Mikutano ya kuacha pombe kwenye simu: majibu kwa mwalimu wa Njombe na wengine wawili

Barua za pombe zimekuwa nyingi mwezi huu, na nyingi zinauliza jambo moja: hii mikutano ya mtandaoni ya watu wanaoacha pombe, inasaidia au ni mambo ya Wazungu? Nimechagua tatu. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu mwenyewe ana haraka, na haraka yake imenitia hofu.

*Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoa wa Njombe, nina miaka 41, mke na watoto watatu. Nilianza na ulanzi nikiwa kijana kama wenzangu wote huku, sasa hivi ni konyagi kila siku. Asubuhi mikono inatetemeka mpaka nizimue, la sivyo hata chaki siishiki. Rafiki yangu wa Dar aliniambia kuna mikutano ya watu walioacha pombe inafanyika kwenye simu. Niliingia mmoja, nikaona nyuso za watu wa Ulaya wanaongea Kiingereza cha haraka, nikatoka kabla sijasema neno. Huku kwetu sijasikia kikundi, na hata kingekuwepo nisingekwenda, mzazi wa mwanafunzi angeniona. Kitu hiki kinasaidia kweli au nitamaliza bando bure? Halafu mke wangu ameanza kuniuliza naongea na nani usiku nikiwa na earphone masikioni. Nimepanga shule zikifungwa wiki ijayo nijifungie chumbani mpaka pombe itoke mwilini, ndipo niingie kwenye hiyo mikutano nikiwa safi. – Mwalimu, Njombe*

Marahaba, mwalimu. Naanza na mpango wako wa wiki ijayo: usijifungie chumbani. Nakuomba kama mama na kama muuguzi.

Mtu anayekunywa kila siku na kuzimua asubuhi, ubongo wake umeshajipanga kufanya kazi pombe ikiwemo. Ukiikata ghafla, ubongo unabaki umechachamaa bila kitu cha kuutuliza. Ndani ya saa 24 za kwanza huja kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, kutapika na kukosa usingizi. Katika siku mbili za mwanzo mtu anaweza kuanguka kifafa hata kama hajawahi kuwa nacho maishani. Na kati ya siku ya pili na ya nne wapo wanaochanganyikiwa kabisa, wanaona na kusikia visivyokuwepo, joto linapanda, mapigo yanayumba. Hali hiyo isipotibiwa inaua.

Nilifanya kazi wodi ya magonjwa ya akili kwa zaidi ya miaka ishirini. Namkumbuka fundi mwashi mmoja aliyeletwa na ndugu zake amelazwa kwenye godoro nyuma ya pikapu. Alikuwa anakung'uta mikono bila kupumzika, anasema siafu wanampanda, anatuomba tuwatoe ukutani. Aliacha pombe siku tatu kabla, kwa hiari yake, kwa nia njema kama yako. Ndugu walidhani amepandwa na majini, wakaanza kwa mganga, siku moja na nusu ikapotelea huko. Alipona. Lakini midomo yake ilikuwa imekauka mpaka imepasuka, na ulimi alikuwa ameuuma wakati wa kifafa. Nikikufikiria umejifungia chumbani na watoto wako sebuleni, ndiye ninayemwona.

Kwa hiyo kabla ya mkutano wowote nenda hospitali ya wilaya au ya mkoa, uulize kitengo cha afya ya akili. Nenda na mke wako. Sema kiasi unachokunywa kama kilivyo, usipunguze. Walevi wengi hutaja nusu, na dozi hupangwa kwa hicho ulichotaja. Watakupa dawa ya kutuliza, mara nyingi diazepam, wakiipunguza siku hadi siku chini ya uangalizi, na vitamini B1, ambayo kwa wanywaji wa muda mrefu hukauka mwilini na kukosekana kwake huharibu kumbukumbu. Diazepam usiinunue mwenyewe duka la dawa. Ikikutana na pombe inaweza kukuzimisha pumzi usingizini. Na mpaka siku utakayoonana na daktari, usikate pombe kwa mkupuo. Najua ni ajabu muuguzi kusema hivyo, lakini ndivyo ilivyo.

Sasa simu.

Unaandika kwamba utaingia mkutanoni ukishakuwa safi. Hapana, ingia sasa hivi. Wale wa AA (Alcoholics Anonymous, ushirika wa walevi wanaosaidiana kuacha pombe) wana sharti moja tu la uanachama, nalo ni kutaka kuacha kunywa. Hawakuulizi umeacha lini, hawakutozi ada, hawakuandiki kwenye daftari. Mikono ikitetemeka, wengi wao walikuja wakitetemeka.

Kuhusu kama ni mambo ya kweli, nikupe historia kidogo, maana wewe ni mwalimu. Mwezi Mei 1935 dalali wa hisa kutoka New York, Bill Wilson, alikuwa amekwama katika mji wa Akron, Ohio. Biashara yake ilikuwa imevunjika, hana mtu, na amesimama kwenye ukumbi wa hoteli akisikia vicheko vya baa. Alikuwa ameacha pombe miezi michache tu. Badala ya kuelekea baa alikwenda kwenye simu, akaanza kupigia makanisa ya mji ule akiomba aunganishwe na mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Simu zile zikamfikisha kwa daktari wa upasuaji, Bob Smith, ambaye naye mikono ilikuwa inamtetemeka. Daktari alikubali kumpa dakika kumi na tano. Walikaa mpaka usiku. Glasi ya mwisho ya Dokta Bob inahesabiwa kuwa ya tarehe 10 Juni mwaka huo, na hapo ndipo AA inapoanzia. Ona basi: kabla ya zile hatua kumi na mbili za kuacha pombe wanazozifuata AA, kabla ya vitabu, palikuwa na mtu mwenye kiu na simu. Wanaosema msaada wa simu si msaada halisi sijui wanalinganisha na nini.

Mwaka 2020, Korona ilipofunga kumbi za mikutano, vikundi vingi duniani vilihamia Zoom karibu kwa usiku mmoja, na vingi havikurudi nyuma. Hapo ndipo mdogo wangu alipoingilia. Ni fundi wa magari Mbeya, ameniruhusu niandike haya mradi nisitaje jina. Kiingereza chake ni cha gereji: gearbox, bearing, gasket. Mkutano wa kwanza alioingia ulikuwa wa Waingereza, hakuelewa hata nusu, akakaa kimya. Baadaye mtu mmoja pale akamwelekeza kwenye kikundi kilichoanzishwa na Wakenya, Kiswahili na Kiingereza vimechanganyika, na hapo akatulia. Husikiliza akiwa ndani ya gari la mteja, vioo vimepandishwa, earphone sikio moja ili asikie akiitwa.

Sikiliza lakini kilichomsaidia hasa. Mikutano peke yake haikutosha. Alikuwa anaingia, anasikiliza, anatoka, na jioni anakwenda kunywa. Mambo yalibadilika siku alipofungua maiki akasema jina lake na kwamba ana hali mbaya. Baada ya mkutano mzee mmoja wa Nairobi aliyeacha pombe miaka mingi alimwandikia, wakakubaliana wapigiane kila siku saa kumi na moja jioni. Saa hiyo hakuichagua ovyo. Ndiyo saa anayofunga gereji, ananawa mikono kwa petroli na sabuni, na miguu yenyewe inajua njia ya kwenda kilabuni. Simu inaita hapo hapo kwenye beseni. Wanaongea dakika chache, mara nyingi si habari za pombe, ni mpira na bei ya spea. Mpaka wamalize, ile saa imepita. Mzee huyo ndiye wenzao wanamwita sponsa: mtu aliyetangulia, anayekushika mkono bila malipo.

Wewe mwalimu saa yako ni ipi? Huenda ni baada ya kengele ya mwisho, huenda ni siku mshahara unapoingia. Itafute, kisha utafute mtu wa kuwa hewani saa hiyo. Ukinyamaza mkutanoni miezi mitatu hakuna atakayekufukuza, lakini hakuna atakayejua pia kwamba unazama.

Mambo ya vitendo. Kabla hujabonyeza kuingia, badilisha jina linalotokea kwenye skrini. Wengi hujikuta limetokea jina kamili la barua pepe, au aina ya simu. Weka jina moja tu, hata la utani. Zima kamera: unabaki salama na bando linadumu, maana picha ndiyo inayokula data, sauti ni kidogo. Usitaje shule yako wala mji wako. Kurekodi ni marufuku kwenye mikutano hii, lakini huwezi kumchungulia kila aliyeko upande wa pili. Vikundi vya WhatsApp uwe navyo mwangalifu zaidi, kwa sababu namba yako inaonekana kwa kila mwanachama, na namba ya simu huku kwetu ni sawa na jina, mtu akijaribu kukutumia pesa jina lako linatokea. Ukitaka WhatsApp, nunua laini nyingine.

Na saa: mikutano ya Uingereza ya saa moja jioni kwao inakuwa saa tatu usiku kwetu majira yao ya joto, na saa nne usiku majira ya baridi, kwa sababu wenzetu hao husogeza saa zao mwezi Machi na Oktoba. Watu wengi hukosa mkutano wiki hizo, wakadhani kikundi kimekufa. Kimesogea tu.

Mkeo. Huyu mama amelala miaka mingi akisubiri mlango ugongwe usiku wa manane. Sasa mume yuko nyumbani, hanuki pombe sana, ila ananong'ona na simu. Ningekuwa mimi ningewaza hayo hayo. Kuna mikutano ya faragha kwa wenye tatizo tu, na kuna ya wazi ambayo ndugu anaruhusiwa kusikiliza. Mtafutie ya wazi, mkae wote kitandani, mpe earphone moja. Usimhubirie, mwache asikie watu wakieleza. Naamini utakuwa umemaliza maswali mengi kwa usiku mmoja kuliko kwa kuapa.

Umeuliza kama kinasaidia kweli. Mwaka 2020 watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, walipitia tafiti 27 zenye washiriki 10,565, wakaona kwamba programu zinazomwingiza mtu kwenye AA kwa mpangilio zinafanya kazi sawa na tiba nyingine za kisaikolojia zinazojulikana, na katika kumfanya mtu aache kabisa na aendelee kuacha mara nyingi zinazishinda. Tafiti zile kwa sehemu kubwa zilihusu mikutano ya ana kwa ana. Kwa hiyo sikuahidi kwamba skrini ni sawasawa na kiti ukumbini. Nakwambia kwamba huko uliko, skrini ndiyo iliyopo, na inatosha kuanzia. Niandikie ukishatoka hospitali.

*Mama, mimi niko Rombo. Mume wangu tangu apunguzwe kazini ni mbege mchana na gongo usiku. Kuna mtu Facebook anauza unga wa kumfanya mtu achukie pombe, shilingi elfu themanini, unautia kwenye uji wake bila yeye kujua. Picha za waliopona ni nyingi. Dada yangu amenikopesha hela. Je, niagize? – Mama watatu, Rombo*

Mama, hela ya dada irudi kwa dada leo.

Hujui ndani ya unga ule kuna nini, na wala picha zile hujui ni za nani. Ikiwa ni majani yaliyosagwa, umepoteza elfu themanini. Ikiwa ni dawa yenyewe, hapo ndipo naogopa zaidi. Ipo dawa halali ya hospitali, disulfiram, inayozuia mwili kuvunja pombe, ili mtu akinywa augue: uso unawaka, anatapika, moyo unakimbia, presha inashuka. Daktari humpa mgonjwa aliyeelezwa na kukubali, baada ya kumpima moyo na ini. Mtu asiyejua kwamba ameinywa, kisha akashushia gongo, anaweza kufia mlangoni kwako. Na wewe ndiye uliyepika uji.

Umeuliza habari za mume, lakini mimi nimekusoma wewe. Barua nzima huna mahali ulipoandika unalalaje, unakulaje, watoto wanaendeleaje. Lois, mke wa yule Bill niliyemtaja juu, alikaa na mume mlevi miaka kumi na saba, na mwaka 1951 akawa mmoja wa walioanzisha Al-Anon, ushirika wa wake, waume, wazazi na watoto wa walevi. Nao wana mikutano mtandaoni, hata ya sauti tu bila picha. Huhitaji mume awe ameacha, wala awe anajua kwamba unahudhuria. Huko wana maneno matatu wanayorudia: hukuusababisha, huwezi kuudhibiti, huwezi kuuponya. Wanawake niliowapeleka huko walilia kwenye la kwanza, maana miaka yote waliambiwa na mawifi kwamba nyumba isiyo na amani ndiyo inayompeleka mtu kilabuni.

Utakachojifunza pale ni mambo madogo ya kila siku. Kwamba humpigii bosi simu kusema mume ana malaria wakati amelewa. Kwamba deni la kilabuni si lako. Kwamba maneno mazito humwambii mtu aliyelewa, unasubiri asubuhi. Akipiga, hilo si suala la mkutano tena: nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au ofisi ya ustawi wa jamii. Na siku akisema haoni vizuri baada ya gongo, usingoje kupambazuke, mkimbize hospitali, gongo yenye sumu ya methanoli hupofusha na kuua.

*Asalaam aleikum mama. Kijana wa Mombasa, miaka 29. Nakunywa kwa siri wikendi, na siku hizi hata katikati ya wiki. Nyumbani hawajui, baba ni mtu wa msikitini. Niliingia mkutano mmoja wa AA kwa simu, ukanigusa sana, lakini mwisho wakasoma sala ya Wakristo. Nikahisi naongeza dhambi juu ya dhambi, nikaacha. Kuna njia ya Mwislamu? – Wa Mombasa*

Waaleikum salaam, mwanangu. Ipo, tena zaidi ya moja.

AA si kanisa. Hatua zao zinamtaja Mungu “kama tulivyomwelewa”, na kila mtu anaachiwa amwelewe kwa imani yake. Lakini ilizaliwa kwa Wakristo wa Marekani, na baadhi ya vikundi hufunga kwa Baba Yetu. Vingine havifanyi hivyo. Waweza kurudi pale pale palipokugusa na kukaa kimya sala ikifika, au kutoka dakika ya mwisho. Hakuna atakayekuuliza.

Kama bado moyo unasita, tafuta SMART Recovery, ya tangu 1994. Hawana sala wala hatua kumi na mbili, wana zana. Mojawapo ni karatasi unayoigawa mafungu manne: napata nini nikinywa, napoteza nini nikinywa, napata nini nikiacha, napoteza nini nikiacha. Ijaze kwa mkono wako, na lile fungu la kwanza usiliache tupu kwa aibu. Ikiwa unakunywa ili usahau jambo fulani, liandike, maana jambo hilo litakungoja siku utakayoacha.

Na iko Millati Islami, iliyoanzishwa na Waislamu wa Baltimore, Marekani, mwaka 1989. Walichukua hatua zile kumi na mbili wakaziandika upya kwa msingi wa Uislamu. Humo utakuta watu wanaoswali, wanaofunga, na wanaosema wazi kwamba walikunywa. Nadhani kwako wewe, mtoto wa baba wa msikitini, kuwasikia hao kutakupa nafuu ambayo mimi siwezi kukupa kwa kuandika.

Jambo moja nataka ulipime, kwa sababu umeandika “siku hizi hata katikati ya wiki” kama jambo la kupita. Shirika la Afya Duniani lina dodoso la maswali kumi liitwalo AUDIT, lenye alama 0 hadi 40. Kuanzia 8 unywaji wako ni wa hatari. Ukifika 20 yawezekana mwili umeshategemea, na hapo kuacha kunataka daktari. Lijibu peke yako, kweli tupu. Kisha piga 1192, laini ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni bure na hulazimiki kutoa jina, uwasomee alama zako. Mikutano ya Baltimore itafute ya mchana: huko wako nyuma yetu kwa saa saba au nane kulingana na msimu, kwa hiyo adhuhuri yao inakukuta wewe kati ya saa moja na saa mbili usiku, na wikendi ndiyo saa marafiki zako wanaanza kukupigia.